Magneto Niliyoifanya Akiba

Heri niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine. Mimi ni fundi wa magari hapa Jeddah, na shule yangu iliishia darasa la sita. Mafuta yalipomtajirisha kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini huku, alinunua ndege ndogo, akaniambia nisafishe plagi zake.

Silinda nne, plagi nane, magneto mbili za kuzalisha cheche! Nikaona magneto ya pili ni ya akiba, kama tairi la akiba. Ili isichakae bure, nyaya zake nne sikuzirudisha kwenye plagi. Nilizifunga vizuri kwa kipande cha kanga.

Asubuhi kafili alishaketi ndani, safari ya Riyadh. Rubani, Mmisri, akawasha, akageuza ufunguo kujaribu magneto mojamoja. Ya kwanza, sawa. Ya pili, injini ikazimika.

"Mafi, hakuna cheche!" alifoka akishuka. "Kila silinda hupigwa cheche mbili kwa pamoja, pistoni ikikaribia juu. Magneto moja ikifa angani, nyingine inakufikisha. Leo tungeruka na moja tu!"

Subhanallah! Nilistaajabia akili ya aliyewaza hivyo: mbili zifanye kazi pamoja, na itakayobaki iweze kuendelea peke yake. Nikamkumbuka marehemu mke wangu. Wala sikufikiria kwamba mkosaji ni mimi.

Rubani akafungua kifuniko, akachomoa kile kitambaa. Kafili akakitazama, kisha akaitazama kanga ya marehemu ninayojifunga shingoni tangu msiba, pindo lake limechanwa.

"Fundi Salimu," akasema taratibu, "hiki si chako?"