Namba Tano Haikuwa na Mtu

Bisibisi aliingia chumbani kwa Mwalimu saa nane mchana, mkoba begani, goti la kulia likilalamika kwa kila ngazi aliyoipanda. Miaka ishirini na sita ya kuinama chini ya meza za watu ilikuwa imempa jina hilo, na mgongo usionyooka.

"Hata hatua zako zimezeeka," Mwalimu alisema bila kugeuka. Hakuwa akiona tangu utotoni. Mafundi aliwajua kwa viatu.

"Zako zinapumzika tu hapo kitini, Mwalimu."

"Ningekuwa napumzika, ningekuita?"

Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, yenye kadi ya sauti iliyomsomea kila alichoandika. Mihula miwili iliyopita shule ililetewa printa ya nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole. Tangu siku hiyo mashine ikisema haichapi, na ikichapa haisemi. Mtihani wa wanafunzi wake kumi na mmoja ulikuwa kesho asubuhi, na mwalimu mkuu alikuwa amekata shauri: ikishindikana leo, karani ndiye atakayeshika kompyuta, na Mwalimu atakaa pembeni amtajie maneno.

"Anasema nabonyeza ovyo. Miaka kumi na tisa nabonyeza, leo ndiyo imekuwa ovyo."

Bisibisi alivaa miwani. Ugonjwa wenyewe aliujua, ni wa mashine za zamani. Ndani ya kompyuta kila kifaa kina namba yake ya kumwitia bwana mkubwa, yule anayefanya hesabu zote. Viwili vikiita kwa namba moja, bwana mkubwa huitikia kimoja, kingine hubaki kimeduwaa. Printa ilitaka namba saba na haikujua nyingine. Kadi ya sauti nayo ilikuwa imekaa hapo hapo. Alifuta dereva, yaani programu inayoiongoza kadi, akaiweka upya. Kadi ikarudi saba. Akajaribu kuihamishia tano kwa mkono, mashine ikakataa. Tano ina mwenyewe.

"Nani huyo?" alinong'ona.

"Unaongea na nani?"

"Na mwizi, Mwalimu."

Alifungua kasha, vumbi likamkohoza. Alipitia kadi moja moja kwa kidole: hakuna iliyotumia tano. Kisha akaona, kwenye ubavu wa ndani, kikaratasi cha gundi kilichogeuka rangi ya chai. *5, modemu. Nimeitengea. Usiguse.*

Mwandiko ulikuwa wake.

Modemu ile, kadi ya kuleta intaneti kwa waya wa simu, aliing'oa yeye mwenyewe miaka saba iliyopita, baada ya kuungua kwa radi. Kadi aliondoka nayo, namba akasahau kuiachia. Bila shaka siku hiyo pia alikuwa amechoka. Miaka yote hiyo mashine ilikuwa ikimtunzia kiti mtu asiyekuwapo.

Angeweza kukibandua tu. Mwalimu asingeona. Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo. Angefunga kasha, akaenda nyumbani kulipumzisha goti lake.

"Umempata huyo mwizi?" Mwalimu aliuliza.

Akamsomea kikaratasi neno kwa neno, hata lile la mwisho. Akamweleza mwandiko ni wa nani.

Mwalimu alikunja vidole juu ya mapaja. "Mihula miwili, Bisibisi. Nilishaanza kuvitilia shaka vidole vyangu."

"Najua, Mwalimu."

"Hujui. Achia hiyo namba."

Aliiachia, akawasha upya. Kadi ya sauti ikahamia tano bila kusukumwa. Printa ikaanza kugonga, na juu ya kelele zake ile sauti kavu ikasoma swali la kwanza. Mwalimu alipitisha kidole kwenye mstari uliotoka. Hakutabasamu, alikuwa akitafuta makosa.

"Sasa panda ukamwambie mwalimu mkuu. Kwa mdomo wako."

"Ghorofa mbili, Mwalimu. Na goti hili."

"Ngazi hizo nimezipanda mara nne kwenda kuitwa mzembe. Kishikio kiko kushoto."

Alikitia kikaratasi mfukoni, akatoka. Katikati ya ngazi alisimama kuvuta pumzi. Kule chini mashine ilikuwa imefika swali la tatu, ikisema na kuchapa. Akatafuta kishikio kwa mkono wa kushoto, akaendelea kupanda.