Swaumu Yangu ya Mwezi Mpevu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nacheka kwanza, halafu naona haya, halafu nacheka tena. Ilikuwa Alhamisi, mwezi umejaa, nami nilikuwa mke kijana wa miaka ishirini na mmoja. Saa saba mchana nilikuwa nimechuchumaa jikoni kwangu Katubuka na tonge la ugali shavuni, na mtaa mzima ulijua kwamba siku hiyo nimefunga.

Kaa vizuri nikueleze ilikuwaje, maana ukisikia nusu utadhani nilikuwa mlafi tu. Mlafi nilikuwa, sikatai. Lakini ulafi siyo ulioniponza.

Mimi ni mtu wa Ujiji. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa mitumbwi kule Katonga, anatoka alfajiri na kurudi jioni, na tulipooana tulipanga vyumba viwili Katubuka. Ua wetu ulipakana na nyua mbili. Upande mmoja alikaa Anastazia, Muha wa Kasulu, mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti ambayo hakujua kuipunguza hata alipokuwa akikusengenya. Upande wa pili alikaa Esperansi, Mrundi, mwembamba, mama wa mabinti watatu. Yeye na mumewe walilima vishamba vya kukodi nje ya mji. Tulikuwa rika moja, na baada ya mwezi mmoja nilikuwa sijui tena kama nawapenda kama majirani au kama ndugu.

Tulikuwa na desturi yetu. Jioni chakula kikiiva, kabla hujampakulia mumeo, unachota mboga kidogo katika bakuli, unalifunika kwa sahani, unalipitisha juu ya ua wa matete. Wenzako nao wanakupitishia zao. Hakuna aliyeshiba kwa bakuli lile, lilikuwa la kuonja tu. Kesho yake bombani, tukiteka maji, ndipo maswali yalipoanza: ile mboga uliitia nini, mbona maharage yako hayachukui muda, yule samaki mgebuka ulimkausha kwanza au ulimtupa mbichi kwenye mawese? Mimi nilijifunza kupika pale bombani kuliko nilivyojifunza kwa mama yangu, Mungu amrehemu, na yeye alijua kupika.

Sasa sikiliza nilivyoharibu. Wiki zile za kwanza nilikuwa bibi harusi, na mume wangu alikuwa akinunua migebuka wabichi kila siku hapo hapo Katonga. Nikawa nawakaanga, nawarudisha kwenye nyanya na ndimu, napitisha bakuli. Anastazia akatangaza bombani kwamba Katubuka haijapata kuona mpishi kama mimi. Alikuwa anatania, yeye alimtania kila mtu, lakini mimi nililichukua kama cheo. Tangu siku hiyo nikaanza kupika kwa ajili ya bakuli, siyo kwa ajili ya nyumba yangu.

Mwezi ukajaa. Wewe umekulia hapa, unajua ziwa letu. Wavuvi huita samaki kwa taa, na mwezi ukiwaka taa hazina kazi, basi wanalaza mitumbwi, wanashona nyavu, na samaki mbichi anakuwa adimu mpaka giza lirudi. Siku hizo kila nyumba inakula ilichonacho: dagaa wakavu, maharage, lengalenga, yaani mchicha. Hakuna anayeona ajabu. Mimi niliona. Nilitazama dagaa wangu wakavu kwenye sufuria, nikafikiria Anastazia akifunua sahani na kuwaona, nikahisi nimevuliwa cheo.

Katika dini yetu ziko sunna za kufunga siku tatu za katikati ya mwezi, yaani siku zile zile unapokuwa mpevu. Nakuambia ukweli, mwanangu, wazo lile lilinijia kama vile mtu amenishika mkono. Nikainua shingo juu ya ua, nikawaambia, "Jamani, leo msinisubiri na bakuli. Nimefunga."

Mola anisamehe. Nilidhani nimemaliza kazi. Aliyefunga hadaiwi mboga ya kuonjesha, na jioni ningesema nimefuturu kwa uji tu. Kumbe sikuwajua wenzangu. Jua lilipozama, Esperansi alipitisha bakuli la sombe, yaani kisamvu, lililotiwa karanga, nene, la kumtosha mtu mzima. Anastazia akaleta viazi vitamu vya kuchemsha na chai ya tangawizi ndani ya chupa. Wote wawili Wakristo, hawana habari na sunna zangu, lakini walisikia jirani amefunga, wakaona haifai akafuturu kinyonge.

Hapo ningeweza kusema ukweli, tukacheka, yakaisha. Sikusema. Nikala. Mwezi uliofuata nikasema tena nimefunga, na safari ile samaki walipochelewa kurudi nikaongeza na sunna za Jumatatu na Alhamisi. Sifa zikahama kutoka kwenye mapishi zikaja kwenye ucha Mungu, nami, mjinga mimi, nikazipokea vile vile. Mume wangu alikuwa akiuliza, "Mbona majirani wanatulisha hivi?" Nikamjibu kwamba ndivyo watu wa huku walivyo, wana moyo. Hilo angalau halikuwa uongo.

Basi ndiyo ikafika Alhamisi ile. Nimesonga ugali wangu wa muhogo, nimepika dagaa, sikujisumbua hata kupakua. Nimechuchumaa mbele ya jiko nachovya kwenye sufuria. Mlango wa uani ukafunguka, Esperansi huyo, amekuja kuomba kijinga cha moto. Akasimama. Nami nikasimama, tonge shavuni, siwezi kulimeza wala kulitema. Yeye akaitazama sufuria, akanitazama mimi, halafu akasema taratibu, "Pole, dada. Umesahau. Nimewahi kusikia kwamba mtu akila kwa kusahau, swaumu yake haivunjiki. Endelea na swaumu yako." Akachukua kijinga chake, akaondoka.

Laiti angenicheka. Laiti angekwenda kumwambia Anastazia, mtaa mzima ukapata habari kwa sauti ile. Kuonewa huruma kule kuliniuma kuliko tusi lolote. Nilikaa mchana kutwa nikisema moyoni kwamba leo futari haiji, nimepata nilichokitafuta, na nimempoteza rafiki.

Jioni bakuli la Esperansi likaja, sombe tena. Safari hii lilikuwa kubwa kuliko yote yaliyotangulia.

Siku hiyo mama mkwe wangu, Bi Mwanaidi, alikuwa amefika kutoka Ujiji kutusalimia. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na macho yake yalifanya kazi iliyobaki. Aliliona bakuli, akasikia Esperansi akisema kule uani, "Futari ya dada hiyo," akaitazama sufuria yangu ya mchana ambayo sikuwa nimeiosha, na ukoko wa ugali pembeni. Akauliza, "Nani amefunga humu ndani?"

Nikamweleza yote. Nilidhani atanipigia kelele za dini. Akalifunua bakuli, akalitazama sana.

"Mkaza mwanangu," akasema, "mboga inayopita juu ya ua ni salamu. Wewe umeacha kuwasalimu wenzako kwa sababu huna nguo mpya. Na hii, je, huko ilikotoka wamebaki na nini? Umeuliza?"

Nikasema sijauliza.

"Pasha moto dagaa wako. Usiongeze kitu, usiwapambe. Nenda nao kwa mguu, uingie mlangoni. Juu ya ua hapana, utajificha tena."

Nikaenda. Ni hatua ishirini kutoka mlango wangu hadi wa Esperansi, na kila hatua nilitamani kurudi. Nilibisha hodi, nikaingia. Mabinti watatu walikuwa wamezunguka sinia. Juu ya sinia palikuwa na ugali, na kando yake kikombe cha maji ya chumvi. Walikuwa wanachovya tonge kwenye maji ya chumvi. Mboga yote ya jioni ile ilikuwa nyumbani kwangu, ndani ya bakuli, inamngoja mtu aliyekwisha kula mchana.

Nililia, mwanangu. Sikulia kistaarabu. Niliweka sufuria chini nikalia kwa sauti mpaka yule binti mdogo naye akaanza kulia bila kujua sababu. Nikamwambia Esperansi kwamba sijafunga, sijawahi kufunga hata siku moja kati ya zile zote, nilikuwa naona haya kupitisha dagaa.

Akaketi. "Nilijua," akasema.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ile mara ya kwanza. Mtu aliyefunga kwa jua hili midomo inakauka. Wewe ulikuwa unafua huku unaimba." Akamvuta binti mdogo mapajani. "Nilidhani hamna kitu ndani. Nilidhani kazi Katonga imekwama, mnakosa chakula, na wewe unaona haya kusema. Leo nilipokukuta unakula kwenye sufuria bila hata sahani, nikasema basi, hali imekuwa mbaya. Ndiyo maana nikajaza bakuli."

Sijawahi kusikia maneno yaliyonizaba kama yale. Nilificha chakula changu cha kila siku ili nisionekane mnyonge, na wenzangu wakaniona mnyonge kuliko nilivyokuwa. Nikawa najitafutia adhabu. Watoto wale walikula ugali kwa chumvi kwa sababu mimi nilitaka kusifiwa.

Lakini Esperansi hakuwa mtu wa kumwacha mwenzake chini. Alishafunua sufuria, akaonja dagaa mmoja, kisha wa pili. "Ego," akasema, yaani ndiyo kwa Kirundi, na macho yakamtoka. "Hawa umewafanyaje? Mbona hawana uchungu?" Nikajibu huku napenga kamasi kwamba nawakaanga kwanza bila mafuta kwenye chungu mpaka walie, nawatoa vichwa, ndipo natia mawese kidogo, nyanya nyingi na ndimu mwishoni. Akanigeukia amekasirika kweli kweli, mara ya kwanza siku ile. "Miezi yote hii unajua hivi na umekaa kimya? Mabinti zangu hawagusi dagaa kwa ule uchungu!"

Tukaanza kucheka. Anastazia akasikia, na yeye kicheko hakikuwahi kumpita, akaja huku maharage yake bado yako jikoni. Nami nikakimbia kuleta lile bakuli la sombe na kumwita mume wangu na Bi Mwanaidi. Tukala wote kwenye ua ule, sinia moja. Anastazia alipoelezwa kisa alicheka mpaka akashika mbavu, akaniita Bi Swaumu, na jina hilo nililibeba mtaani miaka mingi. Nililistahili.

Toka hapo swali la bombani asubuhi likawa moja: leo jioni unapika nini? Na jibu lilikuwa la kweli. Kama ni lengalenga, ni lengalenga, na mwenzako anakuambia uitie karanga au uichanganye na nyanya chungu. Kama hakuna kitu, unasema hakuna kitu. Hatukuwahi kula vizuri kama miaka ile, na sijui kama ilikuwa mapishi au ni kule kuacha kujificha.

Haya sikuyasema muda mrefu. Juzi mjukuu wangu anayekaa Gungu alinifanya niyaseme. Yeye na rafiki zake wana kundi lao kwenye simu, kila jioni wanatumiana picha ya walichopika, wanapeana maarifa. Jambo zuri, nimelipenda, hata mimi huomba nione. Nikamuuliza mbona wiki hii hajatuma kitu. Akasema, "Bibi, nimepika maharage siku nne mfululizo, nitatuma nini?" Halafu akaniambia amewaandikia kwamba ana kazi nyingi, hapiki. Nilimwambia achukue simu, apige picha maharage yake hapo hapo. Alinuna, lakini alipiga. Haikupita dakika, wawili wakajibu kwamba nao wamepika maharage, mmoja akauliza jinsi ya kuyaondolea gesi.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Rafiki ukimwonyesha chakula cha sikukuu peke yake, atakusifu, lakini hatakujua. Mwonyeshe na cha Jumanne. Mwambie leo ni dagaa, mwambie jana ulikula kiporo, mwulize yeye anafanyaje siku samaki hayupo. Ukiwa na njia yako ya kupika kitu kidogo kikawa kitamu, usiikalie, maana huenda iko nyumba ya pili watoto wanaisubiri bila kujua. Na rafiki akinyamaza ghafla, akasema kila siku hapiki, usingoje akuombe. Chukua ulichonacho uingie mlangoni kwake.

Mungu akupe riziki ya kila siku na ulimi wa kuitaja bila haya. Akupe marafiki wa kukuuliza unapika nini, na akuepushe na kushiba kitu alichojinyima mwenzako wewe usijue. Amina, mwanangu. Haya nenda, jioni inaingia na sufuria yako bado haijapanda jikoni.