Fenesi la Spadina

Leo nimefungua friji ya kazini, harufu ya fenesi ikanipiga usoni, na mara nikawa mtoto tena huko Spadina, mtaa wa maduka wa jiji la ugenini tulilohamia, nimemshika Mama mkono.

Ilikuwa Jumamosi ya matembezi. Tulikuwa tumeutazama mnara mrefu maarufu wa jiji lile kutoka chini, tukala tambi za moto kwenye mkahawa wa Wavietinamu, ndipo Mama akaliona fenesi mbele ya duka la matunda. Hakuwa ameonja fenesi tangu tuhame kutoka kwetu. Akalipapasa ganda lake la vipele, akalinusa, akafumba macho. Muuzaji akataja bei. Mama akataja nusu yake. Muuzaji akatikisa kichwa, akaendelea kupanga maembe.

“Twende,” Mama akaninong’oneza. “Usigeuke. Atatuita.”

Sokoni kwetu, ukiondoka hivyo muuzaji hukukimbilia. Tukapita duka la pili, la tatu, hatua za Mama zikizidi kufupika. Nikageuka. Fenesi lilikuwa tayari kwenye mizani, mbele ya mteja mwingine. Nikatazama mbele haraka, nikaukaza mkono wa Mama.

Tramu, lile gari la reli la mjini, ilipofika kituoni, Mama akasita mlangoni.

“Hujamsikia akituita?”

“Kuna kelele, Mama,” nikamjibu.