Pasi Zote kwa Mnyapara

Mwanangu, siku nyingi za ujana zimeshanitoka kichwani, lakini ipo moja inayonirudia kila nisikiapo mpira ukidunda kwenye saruji. Jumamosi iliyopita niliwasikia mkibishana pale uwanjani baada ya kufungwa tena. Nusu yenu mlisema kocha hajui kupanga mashambulizi. Kocha naye akasema wachezaji wake wana mikono ya mbao. Nilipita kimya na fimbo yangu, ila moyo haukutulia. Maneno hayohayo niliyasikia hapahapa Bariadi nilipokuwa kijana kama wewe, na yaliyofuata hayakuwa mazuri.

Nisikilize, kwa maana sisemi kwa kubahatisha. Mimi nilitoka hapa na begi moja la mtumba, nikarudi na diploma ya ualimu wa michezo. Ipo sebuleni kwangu ndani ya fremu ya kioo. Ukija kunitembelea utaiona kabla hujaniona mimi. Nyumba yenyewe nimeijenga kwa jasho langu, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Husemwa kuwa ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Kweli, lakini mimi nilirejea na miguu yangu yote mizima.

Enzi zile za ruksa, biashara ilipoanza kufunguliwa nchini, nilikuwa kibarua katika kiwanda cha kuchambua pamba. Kiwanda kilikuwa cha ushirika, na kilikuwa na timu ya mpira wa kikapu. Tulicheza kwenye sakafu ya saruji nyuma ya ghala. Vyuma vya vikapu walivichomelea mafundi wetu wenyewe, na msimu wa pamba ukipamba moto tulicheza huku nyuzi nyeupe zikitua kwenye nywele zetu, tukaonekana wazee kabla ya wakati. Mimi ndiye niliyeuleta mpira mbele na kuugawa. Kwa kudunda hakuwapo wa kunifikia, na wanaonikumbuka watakuambia. Mrushaji wetu alikuwa Luhende, kijana wa Ngulyati, mwembamba na mpole, ambaye mama yake na wadogo zake wawili walikula kwa mikono yake. Mazoezini, Luhende akirusha, sisi tulikuwa tunageuka kurudi nyuma kabla mpira haujaingia. Tulijua utaingia.

Karibu na kikapu alicheza Mzee Mabula, mnyapara wetu. Yeye ndiye aliyepanga zamu, na ndiye aliyesema nani aitwe msimu ujao na nani akae nyumbani akalime. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya kubeba robota la pamba, lakini goti lake la kulia lilikuwa limeshachoka na dunia.

Kuzuia tulijua. Kufunga ndiko kulikotushinda. Mchezo baada ya mchezo mpira ulizunguka, ukazunguka, ukaishia mikononi mwa Mzee Mabula, naye akaurusha ukagonga chuma. Asubuhi iliyofuata, kwa mama ntilie tulikokunywa chai kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kesi ilianza. Kocha wetu alikuwa Ngasa, karani wa mizani pale kiwandani.

"Kocha, mbinu zako zimechacha," alisema Shija, mchezaji wetu wa ulinzi mwenye mdomo mrefu. "Hata ng'ombe wa plau wanajua wanaelekea wapi."

"Nimewachorea kwa chaki sakafuni," Ngasa alijibu. "Mnataka niwachoree na mikono?"

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Kesho yake tukacheza vilevile. Nyani haoni kundule, mwanangu, na siku hizo nyani walikuwa wa pande mbili. Lawama ilikuwa kama ng'ombe mwenye ugonjwa: kila mtu alimswagia zizi la jirani.

Wakati huo ushirika ulikuwa unayumba. Wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuingia vijijini na malori yao, na kiwandani tulisikia kwamba mfanyabiashara mmoja wa Mwanza anataka kukichukua kile kiwanda. Akaja kukitazama siku ileile tuliyocheza na timu ya kutoka Maswa. Kabla ya mchezo alisimama mbele yetu, viatu vyake vinang'aa, akasema, "Mchezo huu naupenda. Timu ikinifurahisha nitaichukua yote, wachezaji na ajira zao. Isiponifurahisha, nitamuuliza mnyapara wenu nani anafaa."

Sentensi zake mbili za mwisho ndizo zilizotumaliza. Ya kwanza ilituambia tushinde pamoja. Ya pili ilimnong'oneza kila mmoja peke yake: mkishindwa, usiwe umemkwaza Mabula. Kila mtu akaingia uwanjani na mlango wake wa siri wa kutokea.

Sitakuchosha kwa habari za mchezo mzima. Mpira ulikwenda kwa Mabula kama maji yaendavyo bondeni. Shija alimpa, Luhende alimpa, hata waliokuwa karibu na kikapu walirudi nyuma kumtafuta wampe. Kocha Ngasa alisimama pembeni, chaki mfukoni, hakusema kitu. Naye mizani yake ilikuwa chini ya Mabula. Hata hivyo Maswa hawakuwa wakali siku hiyo, na ulinzi wetu ulitubeba. Ikabaki pointi moja tu tuwafikie, na mpira mmoja wa mwisho, ulio mikononi mwangu.

Nikawapita wawili. Wa tatu akanijia, naye ndiye aliyekuwa akimlinda Luhende. Nikampa Luhende. Mwanangu, nimefundisha vijana wengi tangu hapo, na sijaona mtu aliyeachwa peke yake namna ile. Kikapu kilikuwa mbele yake, hapana mkono wala kivuli.

"Rusha!" watu walipiga kelele. "Luhende, rusha bhabha!"

Luhende akakitazama kikapu. Kisha akageuza shingo akamtazama Mzee Mabula, aliyekuwa kona ya mbali. Akampa mpira. Mabula akaupokea kama mtu aliyetupiwa kaa la moto, akaurusha akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Haukufika hata kwenye chuma. Filimbi ikalia, na yule tajiri akaingia ndani ya gari lake bila kumuaga mtu.

Tulianza palepale. Ngasa akamwita Luhende mpumbavu. Shija akamwambia Ngasa kwamba mpumbavu ni mwalimu wake. Walikuwa wameshashikana mashati tulipomsikia Mzee Mabula. Alikuwa ameketi juu ya robota, amevua kiatu, goti limevimba kama boga. Hakupaza sauti.

"Nani aliwaambia mnipe mpira?"

Shija akaliachia shati la Ngasa.

"Nimeuliza. Ngasa, ni wewe?"

"Si mimi, mzee. Nilidhani ni wewe uliyewaambia."

"Mimi?" Akacheka kicheko kibaya, kisicho na furaha ndani yake. "Msimu mzima nawakimbia. Nikienda kona, mnanifuata kona. Nikijificha nyuma ya adui, mnautupa juu ya kichwa chake. Nikadhani kocha ndiye aliyeamuru, nikaona haya kusema goti langu limekufa, maana mnyapara akisema ameshindwa, kesho nani atamsikiliza? Kumbe mnaniogopa tu." Akanigeukia. "Na wewe mwenye maneno mengi, wewe unayejua kila kitu, siku zote hizo uliona nini?"

Nikainama nikaanza kufunga kamba za viatu zilizokuwa zimeshafungwa.

"Mngenitukana mngekuwa mmenisaidia," akasema. "Mmeniheshimu mpaka mmeniua."

Ungetarajia niseme kwamba tulijifunza, tukarudi uwanjani, tukashinda. Hatukupata nafasi hiyo. Yule tajiri alikichukua kiwanda, akaja na watu wake. Mabula hakuulizwa lolote. Alikuwa wa kwanza kutolewa getini. Ngasa akafuata, kisha sisi wote kwa siku moja, waliompa mpira na waliomnyima. Uwanja wetu ukapangwa marobota. Ile hofu tuliyoifuga kama ndama haikutupa hata tone la maziwa.

Mimi nilipanda lori nikaenda kutafuta maisha, na matokeo yake unayajua. Niliporudi nilimkuta Luhende kwenye mnada Lagangabilili, akichunga ng'ombe wa mtu mwingine. Kichwa chote cheupe, na safari hii si pamba. Mama yake alikuwa amekufa zamani, na wadogo zake walitawanyika, mmoja Bukundi, mwingine hajulikani. Tulisalimiana, tukazungumza habari za mvua. Kisha, bila mimi kumuuliza, akasema, "Niliona, unajua. Kikapu kilikuwa kikubwa kama zizi. Mpaka leo nikifumba macho nakiona." Akampiga ng'ombe mmoja kidogo kwa fimbo, akaondoka naye.

Sasa unaniuliza mashambulizi yakikwama kosa ni la nani, la kocha au la wachezaji? Kwa diploma yangu ningeweza kukuchorea mishale mpaka jioni. Lakini jibu nililipata kwa yule mzee aliyeketi juu ya robota. Kabla hujamlaumu mtu, tazama mpira unakwenda kwa nani, kisha uulize kwa nini. Kocha anayeona na kunyamaza ana kosa, kwa kuwa amepewa filimbi ili apulize. Mchezaji anayeona nafasi akageuza shingo ana kosa, kwa kuwa jicho ni lake. Na mkubwa anayeficha goti lake ana kosa pia. Mficha maradhi kifo humuumbua, nacho kifo chake hakimchukui peke yake. Semeni kabla ya mchezo, mwanangu. Mwambie mkubwa wako kwa adabu, uso kwa uso: mzee, leo pumzika. Heshima isiyoweza kusema hivyo ni woga uliovaa shati safi.

Kesho jioni nendeni uwanjani mapema, kocha na wachezaji, mkae chini kwenye saruji kabla mpira haujadunda. Mungu akupe mwenzako wa kukuambia kweli, akupe na sikio la kuipokea. Na siku kikapu kitakapokuwa mbele yako kikubwa kama zizi, akushike shingo isigeuke.