Neno Alilofundisha Bi Shariffa

Bi Shariffa, mwalimu wa Kiingereza kule Wete, aliachwa na mumewe Nizar kwa simu kutoka Maskati. Kwa miaka miwili hakumwambia mtu. Kila Idi alijinunulia doti ya kanga, akasema Nizar ndiye aliyemletea. Mama yake, aliyekuwa akiishi naye, alikuwa akiitikia, "Mungu ambariki."

Siku moja alifundisha neno "facade". Aliwaeleza wanafunzi kwamba ni uso wa jengo, ule unaotazama barabara, na kwamba hutumika pia kwa mtu anayejionyesha vingine ili yaliyo moyoni yasijulikane. Kisha akawataka watunge sentensi.

Asya, msichana mkimya, alisoma yake: furaha ya baba yangu tangu mama afariki ni "facade", maana namsikia akilia chooni.

"Na wewe humwambia nini?" Bi Shariffa aliuliza.

"Simwambii kitu, mwalimu. Namwacha aamini kuwa sijui."

Bi Shariffa aliwaruhusu watoke kabla ya kengele.

Alasiri alimkuta mama yake anachambua mchele. "Mama, Nizar alishaniacha."

"Nnajua, mwanangu," mama alisema bila kuinua macho. "Siku ile nilikusikia ukizungumza naye."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulitoka chumbani unacheka. Nikaogopa kukuvunja."

Walipika pamoja, wakala, wakakosa la kusema. Miaka yote miwili, mazungumzo yao yalikuwa ni Nizar tu.