Mama, kanda zangu na uso kwa uso

Bana, leo mama yangu, fundi wa nguo hapa Kanduyi, amenifunza fizikia.

Si mnajua zile kanda nyembamba za chuma ninazosomea? Ukizipoza sana, umeme unapita ndani bila kizuizi. Shida huja tu pale kanda mbili zinaungana.

Wiki tatu modeli yangu kwa laptopu inasema kiungo kinazuia umeme mno. Nimepunguza risasi ya kuchomelea, nimerefusha kiungo, wapi!

Asubuhi mama akasimama nyuma yangu, pini mdomoni, akitazama mchoro wa kanda kwa skrini.

"Hizo ziko na uso na mgongo?"

"Ziko, mama. Umeme hupitia upande wa uso. Lakini hii si mambo ya nguo."

"Lakini umeweka uso kwa mgongo. Kitambaa tunaunganisha uso kwa uso."

Nikacheka. Kwa sauti, jamani.

Nikageuza kanda moja kwa modeli, ati ndio nimnyamazishe.

Kizuizi kikashuka kama bei ya mahindi wakati wa mavuno.

Nani mwingine ameaibishwa hivi na mzazi? Ngojeni kwanza, mama ametoa pini mdomoni:

"Kumbe miaka miwili unasomea kushona, na mimi niko hapa?"