Sindano ya Kabureta

Mwaka niliotimiza miaka kumi na miwili, nyumba yetu ya Nabuyonga, mjini Mbale, ilinuka petroli kuanzia sebuleni hadi ndani ya chai. Baba alikuwa ameiweka pikipiki katikati ya sebule, juu ya magunia, kwa kuwa nje mvua ilikuwa haikatiki na ua wetu haukuwa na lango. Viti viwili vilihamishiwa kwa jirani. Meza niliyokuwa nikisomea kujiandaa na mtihani wa kumaliza shule ya msingi ikawa meza ya nati, pistoni na makopo ya grisi. Tulikula mkekani, sahani magotini, tumelizunguka lile dubwana la chuma kama watu waliokuja kumjulia hali mgonjwa asiyejibu salamu.

Ilikuwa pikipiki ya kale ya Kiingereza, nzito, ya aina waliyopanda polisi wa zamani. Baba, mtu wa Teso, alikuwa polisi mstaafu. Ujanani alifanya kazi Jinja, na huko pikipiki yake ilitengenezwa na fundi mmoja Mwislamu aliyekereza vyuma katika kibanda nyuma ya soko. Sisi watoto tulimwita Mzee Hamisi. Hao wawili walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Siku Baba alipoiona pikipiki ile mnadani, imeliwa na kutu na kuku wanatagia kitini, aliinunua bila kumwuliza Mama. Yeye na Mzee Hamisi wakaapa kuifufua, kisha waipande pamoja kuvuka daraja la Nile kama enzi zao. Kifaa chochote kisichopatikana madukani, Mzee Hamisi alikikereza mwenyewe, akakifunga katika gazeti na kumkabidhi dereva wa taksi wa Mbale. Malipo hakutaka hata kuyasikia. "Yokana," alikuwa akimwambia Baba, "ukinilipa umenitukana."

Lakini pikipiki ilikataa. Baba akiziba mafuta yanayovuja hapa, yanavuja pale. Akikausha plagi, inalowa tena. Kiki ya kuwashia ilimrudishia teke la kifundo cha mguu hata akachechemea wiki nzima. Alipokasirika alitukana kwa Kiswahili cha kambini, lugha ambayo Mama, Mgisu aliyekulia katika miaka ya wanajeshi na vizuizi vyao vya barabarani, hakupenda kuisikia ndani ya nyumba yake. "Baba Apolot," Mama alimwuliza siku moja, akimwita kwa jina langu, "hiki chuma kitaondoka lini? Ama niondoke mimi?" Baba akajibu bila kuinua kichwa, "Mvumilivu hula mbivu." Mama akasonya. "Mbivu gani? Mimi naona kutu tu." Nami niliyekuwa nikisomea sakafuni, daftari limejaa madoa ya grisi, niliichukia pikipiki ile kama mtu anavyomchukia mgeni asiyeaga.

Ikabaki sindano ya kabureta, kijiti cha shaba chembamba kuliko njiti ya kiberiti, ambacho hupima petroli inayoingia kwenye injini. Mzee Hamisi aliikereza siku tatu. Kifurushi kilipofika Baba alikuwa amekwenda mazishini Namatala, nami ndiye niliyekipokea. Nilikuwa nimetumwa kuwasha sigiri, nina hasira, mkaa umeingia unyevu. Nikalitikisa gazeti, ikadondoka gasketi moja. Nikaiweka mezani, gazeti nikalikunja na kulitia moto chini ya mkaa. Asubuhi yake, nilipokuwa nikizoa jivu, nikaiona sindano: nyeusi, imepinda kama kucha ya ndege. Nikaitupa chooni. Baba aliponiuliza kama kifurushi kilikuwa na kitu kingine, nikasema, "Sijui, Baba." Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mtoto huogopa fimbo ya leo kuliko kifo cha kesho.

Enzi hizo simu tulipigia dukani, watu wamepanga foleni nyuma yako. Nilikuwa pembeni mwa Baba siku ile. "Hamisi, sindano iko wapi?" Akasikiliza kidogo. "Umetuma? Hapana, wewe unanidanganya. Umeshindwa kazi, sema umeshindwa." Akasikiliza tena, mshipa wa shingo umemsimama. Kisha akasema maneno ambayo duka zima liliyasikia: "Mimi nashika wezi miaka ishirini. Mwizi namjua kwa sauti!" Halafu sauti ya Mzee Hamisi ikatoka, ndogo lakini wazi. "Haya, Afande. Njoo unishike." Simu ikakatwa. Sikuwahi kumsikia akimwita Baba Afande. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi uliojikwaa siku ile nilikuwa nimeutegea jiwe mimi.

Nilinyamaza siku tisa. Baba alijaribu kuchonga sindano kutoka kwenye spoku ya baiskeli, injini ikakohoa moshi mweusi na kunyamaza. Akapiga kiki mpaka shati likamgandia mgongoni. Mwishowe akaketi sakafuni, mgongo ukutani, akasema polepole, bila tusi hata moja, "Huyu mtu alikuwa ndugu yangu." Hapo ndipo nilipomwambia. Nilitarajia kipigo. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akasema, "Vaa viatu. Tunaenda Jinja."

Mzee Hamisi alituona mlangoni lakini hakuzima mashine. Baba alivua kofia. "Hamisi, nimekosa. Huyu mtoto ndiye aliichoma." Nikapiga magoti kwenye vumbi la chuma. Mashine ikazimwa. "Inuka, mwanangu," Mzee Hamisi aliniambia. "Mtoto huogopa, si dhambi." Kisha akamgeukia Baba. "Yeye alikuwa anakuogopa wewe. Wewe ulikuwa unamwogopa nani, Afande?" Tulisubiri benchini, mzee akaswali adhuhuri, akarudi akakereza sindano nyingine. Alipomaliza akanikabidhi mimi, si Baba, na kwa mara ya kwanza akataja bei.

Kesho yake pikipiki iliwaka kwa kiki ya pili. Majirani walipiga makofi, nami nilitamani kulia. Baba aliiendesha hadi Nakaloke na kurudi, injini ikinguruma bila kasoro. Mama akamwuliza, "Na Jinja je?" Akajibu, "Jinja kufanya nini?" Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameiuza.

Leo naishi Jinja, nafundisha shule ya msingi. Kabureta ikiharibika, kijana wa boda hununua nzima mpya na kuifunga kabla chai haijapoa, wala hamhitaji rafiki. Mzee Hamisi amezeeka, huketi nje ya duka la wanawe, huniuliza habari za watoto wangu wote kwa majina. Jina la Baba halitaji. Mwezi jana nilimpigia Baba, siku hizi mfugaji kijijini kwao Teso, nikiwa pale pale, nikasema, "Nimpe simu Mzee Hamisi?" Akasema ng'ombe wanamngoja. Mzee Hamisi, aliyesikia, akaanza kutafuta miwani yake, nayo alikuwa ameivaa. Ninawahimiza watoto wa watu kila siku waseme kweli mapema, na bado nimeshindwa kuwakutanisha wazee wawili waliotenganishwa na safari ya asubuhi moja tu.